Afya Nyumbani: Miguu Imeshuka, Lakini Pampu Isizimwe



Mwezi huu tulitaka kuongea juu ya minyoo ya watoto. Tutaiacha kwanza, kwa sababu imetufikia barua ya mama mmoja ambayo haiwezi kungoja. Jina lake na mtaa wake hatutataja. Anaandika hivi: «Bwana yangu alilala hospitali siku kumi na mbili juu ya kuvimba miguu na kukosa pumzi. Walisema ni moyo. Akatoka muzuri kabisa, miguu imeshuka, anakula, anacheka na watoto. Kisha miezi miwili, miguu tena. Tukarudi, akatoka muzuri. Sasa ni mara ya tatu. Feza zimekwisha, tumeuzisha na cherehani. Jamaa yake wanasema ugonjwa wa kweli ukipona haurudi, kwa hiyo kuna mtu. Munganga, ni ugonjwa ao ni watu?»

Mama, asante kwa kuuliza bila kuficha. Ni ugonjwa. Una jina lake, una dawa zake, na sehemu kubwa ya kazi yake inafanyiwa nyumbani kwako, chumbani na jikoni, si hospitalini. Hospitali inatoa maji yaliyojaa mwilini. Kuyazuia yasirudi, hiyo ni kazi ya kila siku ya nyumbani. Naona bwana yako alipewa karatasi ya dawa na kuambiwa «nenda, umepata nafuu», lakini hakuna aliyeketi naye nusu saa kumweleza. Mimi pia ni mtu wa blouse nyeupe, na ninakiri kwamba tunafanya kosa hilo mara nyingi, maana wagonjwa ni wengi na siku ni fupi. Basi tuifanye hiyo nusu saa hapa.

Miaka iliyopita nilimtunza muzee mmoja wa Kipushi aliyetumika muda mrefu chini ya shimo, upande wa pampu za maji. Yeye pia alirudi mara ya tatu. Nilianza kumweleza sawa tunavyofundishwa: «Baba, moyo ni pampu.» Alicheka mpaka akakohoa. «Munganga, ni wewe utanifundisha mimi pampu?» Basi nikanyamaza, naye akanifundisha.

Wenye kukaa Kipushi wanajua habari hii. Mgodi ule ulianzishwa zamani, mwaka 1924, na unashuka chini sana. Maji yanaingia mchana na usiku. Mwaka 1993 kazi ya kutoa madini ilisimama, lakini pampu hazikuweza kusimama, kwa sababu maji hayajui kwamba kazi imekwisha. Mwaka 2011 pampu zikashindwa, maji yakapanda na kumeza njia za chini. Ilihitaji miaka ya kuyatoa, na madini yalianza kutoka tena mwaka 2024 tu. Muzee wangu alisema: «Pampu ikiregea, maji hayapige kelele. Yanaanza chini kabisa, kule hakuna mutu anaangalia. Ukiyaona kwenye njia kubwa, yalishaingia siku mingi.»

Ndivyo ilivyo mwilini. Kwenye karatasi za hospitali mtasoma maneno ya Kifaransa insuffisance cardiaque. Wengi wakisikia hivyo wanafikiri moyo uko karibu kusimama. Hapana. Maana yake ni kwamba moyo umechoka, hausukumi damu kwa nguvu inayotakiwa. Mafigo yanapoona damu inafika kidogo, yanafikiri mwili umekosa maji, basi yanashika chumvi na maji badala ya kuyatoa katika mkojo. Maji hayo yanajaa: miguuni kwanza kwa mtu anayetembea, kisha tumboni na chini ya mbavu za kuume pale penye ini, na yakijaa katika mapafu mtu anakosa pumzi. Usiku akilala chali anasongwa, anataka mito miwili, kisha mitatu, mwisho analala ameketi kwenye kiti. Kikohozi cha usiku cha namna hiyo watu wanakiita pumu ao kifua kikuu, na wanapoteza miezi.

Moyo unachoka kwa sababu nyingi. Ya kwanza kwetu ni tansio iliyopanda miaka bila mtu kuipima. Kuna ugonjwa wa koo wa watoto usiotunzwa vizuri: unaweza kuleta homa ya viungo, na homa hiyo inaharibu milango ya moyo, mtoto wa leo anakuwa mgonjwa wa miaka ishirini. Kuna pombe kali, lutuku na ndugu zake. Kuna mapafu yaliyokauka kwa mavumbi ya mawe, ambayo yanachosha upande wa kuume wa moyo. Na kuna mama wanaochoka moyo katika mwezi wa mwisho wa mimba ao katika miezi mitano baada ya kuzaa. Juu ya hao nitarudi.

Watu wa Kolwezi wataniuliza na kobalti. Jambo moja linajulikana: mwaka 1965 na 1966 katika mji wa Québec, huko Kanada, viwanda vya bia vilitia chumvi ya kobalti katika bia ili povu lisipotee upesi, na wanywaji wakubwa wa bia ile wakapatwa na ugonjwa huu wa moyo, wengine wakafa. Wao waliimeza kwa kinywa, tena wengi wao walikuwa watu wa kula vibaya. Kuivuta katika mavumbi si jambo lilelile. Lakini mchimbaji mwenye kunawa mikono vizuri mbele ya kula bukari, na mwenye kuacha nguo za shimo mbali na nguo za watoto, hana hasara yoyote.

Sasa, kwa nini muzee alirudi mara tatu? Nilimwuliza juu ya vidonge. Akanijibu wazi: «Miguu ilishuka. Nikaona mimi niko muzuri. Juu ya nini nitameza dawa na sina ugonjwa?» Nikamwuliza: «Baba, kule Kipushi, maji yakishuka, mnazima pampu?» Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia bibi yake amletee ile karatasi ya dawa.

Mama, hapo ndipo ninafikiri na bwana yako ameangukia. Miguu kushuka ni alama kwamba dawa inatumika, si alama kwamba haihitajiwi tena. Malaria unameza siku tatu, imekwisha. Moyo uliochoka si malaria. Kwa wengi ni dawa ya maisha. Dawa zenyewe si za kazi moja. Furosemidi, ambayo wengi wanaiita Lasilix, inatoa maji; mtu anaimeza na baada ya saa moja anakojoa, basi anaiamini. Lakini kuna zingine ambazo huoni kazi yake kwa macho: kaptoprili ao enalaprili, karvediloli ao bisoprololi, spironolaktoni. Siku hizi limeongezwa kundi jingine, dapagliflozini na empagliflozini, zilizoanza kama dawa za sukari. Hizo zinapunguzia moyo mzigo na kuongeza siku za kuishi. Feza zikipunguka, watu wananunua ile ya kukojoa tu na kuacha hizi. Ni kama kuchota maji kwa ndoo na kuacha mota iendelee kuharibika. Kama feza hazitoshi, rudi kwa munganga, umwambie wazi, «ninaweza kununua ya feza hizi tu». Usione haya. Ziko za bei ya chini, naye achague. Kuchagua mwenyewe mbele ya dirisha la farmasi ni hatari, na karvediloli ao bisoprololi haziachwi gafula.

Maneno machache tena juu ya vidonge. Furosemidi imezwe asubuhi, usiku ulale. Mtu mwenye safari ya kwenda Likasi kwa basi asiiache eti juu ya choo, aimeze akifika. Enalaprili na kaptoprili zinaweza kuleta kikohozi kikavu. Usitupe dawa, mwambie munganga akubadilishie. Zinaweza pia kumharibu mtoto tumboni, kwa hiyo mama mwenye kuzijua mimba aseme mara moja. Ukisimama kutoka kitandani na kuona giza, keti kwanza pembeni ya kitanda, kisha usimame polepole. Na ukipatwa na kuhara ao kutapika, usiendelee kumeza dawa ya kukojoa kama kawaida bila kuuliza: mwili unakauka na mafigo yanaumia. Nenda kituo cha afya siku ileile.

Kuna kundi moja la dawa ninaloliogopa kuliko yote katika miji yetu ya migodi, nazo ni za maumivu. Mchimbaji mwenye mgongo, muzee mwenye magoti, wote wanameza diklofenaki, ibuprofeni ao indometasini, zinauzishwa hata na vijana wanaotembeza katika sahani. Dawa hizi zinashika chumvi na maji mwilini na kuumiza mafigo. Mtu wa moyo akizimeza siku chache tu anaweza kurudi kitandani hospitalini. Kwa maumivu na ameze parasetamoli, na siyo ile ya kuchemka ndani ya glasi, kwa maana ile inachemshwa na chumvichumvi za sodiamu. Kabla ya kununua dawa yoyote sema kwanza: «niko na ugonjwa wa moyo.»

Tuingie jikoni. Humu ndimo vita ilimo, na mara nyingi ni mama anayepigana peke yake.

Chumvi (munyu) ndiyo inayoyaita maji na kuyashika. Mtu wa moyo asipite kijiko kidogo kimoja cha chai kwa siku nzima, na ndani ya kijiko hicho mnahesabu na chumvi iliyokwisha kuwa katika chakula kabla hamjapika. Bukari haina chumvi, ni rafiki. Sombe, matembele, lengalenga, maharagwe, samaki mbichi ao tomsoni, mayai, matunda, vyote ni vizuri. Adui wa kwanza ni makayabu. Najua tunaipenda. Kuilowesha usiku mzima na kubadilisha maji kunapunguza chumvi, lakini hakuiondoi. Kwa mtu wa moyo ningesema aiache. Adui wa pili ni magi, yale madonge ya kutia ladha. Mama anajivunia kwamba hatii chumvi, kumbe ametia magi mbili, na magi kwa sehemu kubwa ni chumvi. Wa tatu anajificha kabisa: bikarbonati mnayotia katika maharagwe na sombe ili viive upesi. Hiyo pia ni sodiamu, ulimi hauisikii, lakini mafigo yanaisikia. Hata ile chumvi ya majivu ya wakubwa wetu, usifikiri ni dawa: ina potasiamu, na kwa mwenye kumeza spironolaktoni ao enalaprili potasiamu ikizidi moyo unaweza kupiga vibaya mpaka kusimama. Sardini za mukebe na sosiso, ziwe za wengine.

Chakula bila chumvi siku za kwanza ni sawa kutafuna karatasi, hatudanganyi. Mtie nyanya, kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, pilipili. Ulimi unazoea baada ya wiki tatu ao nne, kisha mtu huyohuyo akila kwa jirani analalamika kwamba chakula kina chumvi nyingi. Musimpikie sufuria yake peke yake kama mtu aliyetengwa. Pikeni mboga ya nyumba yote bila chumvi, mtoe fungu lake kwanza, wengine watie kidogo katika sahani zao. Katika nyumba nyingi utakuta na wengine wenye tansio ambao hawajui bado.

Na mama mkwe akija, akionja mboga na kusema «huyu bibi amechoka na mwana wangu, hata chumvi anamunyima», bwana mwenyewe afungue kinywa na kujibu. Si haki kumwachia bibi aibu hiyo. Nimeona mama mmoja akirudisha chumvi katika sufuria kwa sababu ya maneno ya namna hiyo tu, na wiki iliyofuata tukampokea bwana yake usiku, midomo imekuwa ya rangi ya buluu.

Juu ya maji ya kunywa, wengine wanamkataza mgonjwa kabisa, wanafikiri maji ya miguu ndiyo yale ya kikombe. Hapana. Anywe akisikia kiu. Kama munganga amempa kipimo, lita moja na nusu kwa mfano, jaza chupa asubuhi. Chai, supu na munkoyo vinatoka katika hesabu ileile. Bia na lutuku aviache. Najua ni neno gumu kwa siku ya mshahara. Kwa mtu ambaye moyo wake uliharibiwa na pombe, kuiacha kunaweza kuurudishia moyo nguvu nyingi, wakati mwingine kuliko tulivyotumaini.

Je, atumike? Atembee kila siku, polepole, kwa mwendo wa kumwezesha kuongea na mwenzake njiani. Kubeba mifuko ya mawe, hapana. Kuna na swali ambalo watu wazima wanaogopa kuuliza: mtu anayepanda ngazi za nyumba bila kusongwa pumzi anaweza kulala na bibi yake bila hofu. Asinunue dawa za nguvu za barabarani, zinaweza kumwua.

Sasa mizani. Hii ndiyo sehemu ambayo wasomaji watasema munganga anatuambia mambo ya Wazungu, lakini ningelazimishwa kuchagua shauri moja la kuacha nyumbani kwenu baada ya vidonge, ningechagua hili. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hakuna mtu anayenenepa kilo 2 kwa siku 3 kwa sababu ya bukari. Hayo ni maji. Mwili unaweza kuficha lita kadhaa kabla viatu havijabana. Kumbuka neno la muzee: yanaanza kule hakuna mtu anaangalia. Mizani ndiyo taa ya kuangalia kule.

Basi kila asubuhi, akisha kukojoa, mbele ya chai, na nguo nyepesi zilezile, apande. Aandike katika kaye: tarehe na kilo. Muzee alikuwa mwenye kusoma kidogo, basi mjukuu wake wa darasa la tano alifanya kazi ya sekretere. Mizani waliipata kwa jirani aliyekuwa mnunuzi wa madini. Bibi yake hakutaka: «Munganga, mizani ya wale watu inaiba kilo, kila mutu anajua!» Nikamjibu, haidhuru, mama. Hata mizani ya uongo inatufaa, mradi iongope namna moja kila siku. Hatutafuti uzito wa kweli, tunatafuta kama umepanda.

Wasio na mizani wachukue kamba. Asubuhi mbele ya kusimama sana, izungushe mguu juu kidogo ya kifundo, funga fundo pale inapokutana. Fanya kamba nyingine ya tumbo, kwenye kitovu. Kesho yake linganisha. Bonyeza pia mfupa wa mguu kwa kidole gumba, uhesabu mpaka tano, uachie: shimo likibaki, ni maji. Hesabu mito. Jana alilala na mmoja, leo anaomba wa pili, hiyo ni habari ya kuandika katika kaye kama vile kilo.

Kilo zikipanda 2 kwa siku 3, ao kamba imefupika, ao mto umeongezeka, ao anachoka katika njia aliyokuwa anaipita vizuri, usingoje tarehe ya kuonana na munganga. Nenda kesho yake asubuhi na kaye mkononi. Hapo ni mambo ya kuongeza kidonge kwa siku chache na kurudi nyumbani. Lakini kama anasongwa akiwa ameketi tu, kama anatoa makohozi ya povu yenye rangi ya damu, kama amezimia, ao kifua kinamuuma kwa nguvu, ao anaongea bila maana, msilale. Tafuteni motokari usiku uleule, mmbebe ameketi, msimlaze chali.

Nilisema nitarudi kwa mama waliojifungua. Mama akivimba miguu na kukosa pumzi baada ya kuzaa, jamaa wanasema ni uchovu wa mtoto, ao wanampa uji wa chumvi na maji ya moto. Mpelekeni apimwe moyo. Wengi wanapata nafuu nzuri wakitunzwa mapema. Lakini mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo bwana na bibi waende pamoja kwa munganga kuongea juu ya uzazi kabla ya kufikiria mtoto mwingine. Na mtoto aliyekwisha patwa na homa ya viungo asikose sindano yake ya penisilini ya kila wiki tatu ao nne, hata kama anacheza mupira vizuri.

Neno la mwisho ni gumu, nami nalisema katika gazeti la kanisa nikijua nani atalisoma. Tunaombea wagonjwa, na tutaendelea. Lakini nimepokea mgonjwa aliyeambiwa katika kikundi cha maombi kwamba kumeza kidonge baada ya kuombewa ni kukosa imani. Alitupa vidonge katika choo. Alirudi kwetu baada ya siku tisa, na hakutoka tena. Ninyi mnaoongoza maombi, wekeni mikono juu ya mgonjwa, kisha mwambieni: «Umeshameza dawa yako leo?» Vilevile kwa wanaotafuta mulozi: wakati jamaa wanazunguka kutafuta mtu, maji yanapanda.

Muzee wa Kipushi? Kaye yake ya kwanza ilijaa, akaanza ya pili. Siku moja ya Jumanne mjukuu alikuja mbio kituoni na kaye: 64, 64, 65, 66 na nusu. Nyuma yake muzee mwenyewe alikuwa anakuja kwa miguu yake, polepole, kofia kichwani. Miguu haikuwa imevimba bado. Nikauliza amekula nini. Bibi yake akaangalia chini. «Tulikuwa ku kilio, munganga, siku tatu. Walipika makayabu. Utakatala chakula ya kilio?» Daktari aliongeza furosemidi kwa siku nne, na muzee akarudi nyumbani mbele ya saa sita ya mchana. Jumapili ilikuwa 64 tena.

Basi mama uliyetuandikia, tafuta ile karatasi ya dawa ya mwisho, uipeleke pamoja na bwana yako kwa munganga, muulize vidonge vipi ni vya kila siku. Nunua kaye ya kurasa 48. Anza kesho asubuhi, kwa mizani ao kwa kamba. Mwezi ujao utuandikie tena, na utupe kilo zake.